Thamosi ya Shemeji

Kwa miezi mitano nilimpa yule mtoto chupa, na siku aliyocheka kwa sauti mara ya kwanza hakunichekea mimi. Alimchekea baba yake, ambaye alikuwa amefika jana yake.

Nilikuwa jikoni nikisugua chupa. Nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia ndani ya nyumba ile, kama mtu anayemwaga njugu kwenye sahani ya bati. Nikatoka na brashi mkononi. Shemeji alikuwa amelala chali kwenye mkeka, amemweka mtoto kifuani, anatikisa midomo na kunguruma kama lori linaloshuka mlima kwa gia ndogo. Mtoto alicheka mpaka mabega yakatikisika. Dada alisimama mlangoni, mkoba wa kazini bado uko begani, anapangusa macho.

"Umeona?" akaniambia. "Anamjua baba yake!"

Nikasema ndiyo, nimeona. Nikarudi jikoni nikaisugua tena ile chupa, ingawa ilikuwa safi.

Lazima nieleze jinsi chupa ilivyoingia mikononi mwangu, kwa sababu watu wa mtaa waliuliza sana na mimi si mwepesi wa kujibu. Dada alijifungua kwa upasuaji, kisha akaugua. Daktari alisema dawa alizopewa haziendi pamoja na kunyonyesha. Mumewe ni dereva wa lori la masafa marefu, kutoka bandarini Mombasa hadi Kampala na wakati mwingine mbele zaidi. Alikuja siku mbili, akamwona mtoto wake wa kike, akaondoka. Mama yetu alishafariki. Baba yuko kwetu Ukambani, na mikono yake inajua kuchonga mti tu. Mimi nilikuwa naishi hapo kwa dada, mtaa wa Jericho, kwenye nyumba ya kanjo, yaani ya halmashauri ya jiji, ya vyumba viwili na jiko dogo kama kabati. Niliishia darasa la nane. Kazi yangu ilikuwa kupiga msasa twiga wa mbao kwenye karakana moja kule Majengo, lakini oda zilikuwa zimepungua na tuliambiwa tukae nyumbani mpaka tuitwe. Hakuna aliyenichagua kumlea mtoto. Nilikuwapo tu.

Nesi alitutazama, dada kitandani na mimi kwenye stuli, akauliza ni nani atakayekuwa anachanganya maziwa. Dada akaninyooshea kidole. Nesi akacheka, kisha akaona sisi hatucheki, akanyamaza.

"Lete mikono," akaniambia.

Akaigeuza viganja juu. Viganja vya mtu wa msasa vina ngozi ngumu kama gome.

"Hivi haviwezi kukuambia kama maziwa ni moto. Utamwunguza mtoto wa watu. Tone utaliweka hapa." Akagusa upande wa ndani wa mkono wangu, pale mishipa inapoonekana. "Usikie vuguvugu tu. Ukisikia joto, bado."

Alinionyesha mengine pole pole, kwa sababu aliona nayarudia kwa midomo. Mikono kwanza, kwa sabuni. Chupa na chuchu yake zioshwe, kisha zichemshwe. Maji yachemke mpaka yatokote, na yasikae zaidi ya nusu saa kabla ya kuchanganya, isipokuwa yawe kwenye thamosi inayoshika moto vizuri. Maji yatangulie chupani, unga ufuate. Kijiko ni kile kilichomo ndani ya mkebe, na unga usawazishwe kwa mgongo wa kisu, usiwe mlima wala shimo. Nilidhani maji ya moto ni ya kuyeyushia unga tu. Akanikatiza.

"Hapana. Huu unga wa mkebe unaweza kuwa na vijidudu ndani yake, na macho hayavioni. Moto ndio unaoviua. Ukichanganya na maji yaliyopoa ukidhani unafanya haraka, umeviacha hai. Changanya na maji ya moto, halafu ndiyo upoze chupa kwenye maji baridi. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Na ukishapoza, anywe. Maziwa vuguvugu yakikaa, vijidudu vinazaana humo. Hayatanuka, hayatabadilika rangi, utaona ni mazuri. Mwisho ni muda wa saa mbili tangu uchanganye. Na akishaanza kunyonya akabakisha, mwaga. Usimwekee. Usipashe tena."

Nilipofika nyumbani niliusoma mkebe kwa kidole, neno kwa neno, upande wa Kiswahili na hata ule wa Kiingereza, ambao ulinichukua siku mbili. Kila kitu nesi alichosema kilikuwa kimeandikwa hapo. Nilifurahi kama mtu aliyekutana na rafiki ugenini.

Baada ya hapo siku zangu zilikuwa na mpangilio. Maji ya bomba hayaji kila siku mtaani kwetu, kwa hiyo mtungi mmoja ulikuwa wa mtoto peke yake, na asiyejua angeambiwa. Asubuhi nilichemsha, nikajaza thamosi ndogo ya bluu. Niliifunga uzi mwekundu shingoni ili mtu asije akaweka chai humo. Saa ya kunyonya ikifika namimina maji ya moto hadi mstari, naweka vijiko vitano, nafunga, nazungusha chupa taratibu mpaka unga uishe, naisimamisha kwenye karai la maji baridi, maji yakiishia chini ya kifuniko. Tone mkononi. Kisha mtoto.

Dada alipopata nguvu alirudi kazini, ukarani kwenye duka la vifaa vya ujenzi huko Njiru, kwenye Barabara ya Kangundo. Anatoka asubuhi, anarudi jioni. Mchana kutwa tulikuwa wawili, mimi na mtoto. Vijana wa pale kwenye kona waliniita Nesi.

"Niaje, Nesi! Umenyonyesha leo?"

"Tuonyeshe titi lako moja, Nesi, tuone kama limejaa!"

Sikuwajibu. Mimi sijibu watu. Lakini sikuumia vile walivyotaka, kwa sababu nilikuwa nimepata kitu ambacho sikuwahi kuwa nacho. Darasani palikuwa na waliojua zaidi yangu. Karakanani palikuwa na waliochonga, na mimi nilisugua tu walichochonga. Hapa nilikuwa najua kuliko wote. Nilijua hata mambo ambayo hayakuandikwa kwenye mkebe. Mtoto alikuwa na tabia ya kulala chupa ikiwa nusu. Ukimkuna unyayo wa kushoto kwa ukucha, kidogo tu, anafungua macho na kuendelea kunyonya. Wa kulia hausikii. Hilo niligundua mwenyewe, na sikumwambia mtu.

Ndipo injini ya lori la shemeji ikafa. Lori likavutwa hadi gereji, na tajiri wake akamwambia akae nyumbani mwezi mzima mpaka vipuri vifike.

Ni mtu mwema, naanza kwa kusema hivyo. Ana sauti kubwa na mikono mikubwa, na akiingia kwenye chumba, chumba kinapungua. Hakunitukana hata siku moja. Aliniletea fulana kutoka Uganda. Lakini usiku ule wa kwanza aliweka simu mezani, nikaona picha iliyokuwa kwenye kioo. Ni mtoto ananyonya chupa. Picha hiyo naijua, dada aliipiga mimi nikiwa nimempakata. Mimi sikuwamo tena. Nilikuwa nimekatwa. Kilichobaki changu kilikuwa kidole gumba, kimeshika chupa, na kovu la msasa linaonekana.

Kutoka hapo nilianza kumhesabia makosa. Sikujua kwamba nahesabu. Nilidhani naangalia usalama wa mtoto.

Dada akirudi jioni namfuata jikoni na kumnong'oneza. Leo hakuosha mikono. Leo alimrusha juu, karibu na balbu. Ananuka dizeli, si nzuri kwa kifua cha mtoto. Anamwita "turnboi", kama utingo wa lori, mtoto wa kike huyu. Amemfunga nepi ikalegea. Amemvalisha soksi zisizofanana.

Siku ya nne dada aliweka mwiko chini.

"Wewe kijana. Una wivu kama mke mwenza!"

Alisema kwa sauti, na shemeji alikuwa sebuleni akasikia. Akacheka mpaka akapiga paja. "Kumbe nimeoa wawili! Mbona sikuambiwa nilete mbuzi wa pili?"

Dada naye akacheka. Mtoto alipoona watu wanacheka akacheka pia, ile sauti ya njugu. Nikainama nikaanza kukwangua sufuria ambayo haikuwa imeungua. Tangu siku hiyo nikisema lolote kuhusu shemeji, hata kama ni kweli, dada anainua nyusi na kusema, "Mke mwenza ameanza." Na mimi naacha.

Jumamosi ya pili, shemeji aliamka kabla yangu. Nilimkuta jikoni anapiga mluzi.

"Shemeji, leo pumzika," akasema. "Miezi mitano hujatoka. Umekuwa rangi ya karatasi. Nenda Majengo uulize kazi, uone wenzako. Mimi na huyu turnboi tutasafiri pamoja."

Dada alikuwa anafunga viatu. Jumamosi hufanya kazi nusu siku. "Nenda," akasema. "Chupa moja haitamshinda."

Nikamwelekeza pale maji yalipo, pale mkebe ulipo. Nilisema kwa haraka, nikitazama ukuta. Nilikuwa nataka aulize. Alisema, "Nimekuona ukifanya mara mia. Nenda."

Nilienda. Karakanani fundi mkubwa aliniambia oda bado, labda mwisho wa mwezi. Walinikaribisha chai, nikakaa nao kwenye vumbi la mbao, lakini sikusikia walichosema. Nilikuwa namwona mtoto. Nilikuwa namwona akinyonya kwenye ile mikono mikubwa bila kunikumbuka. Nikaaga mapema na kurudi kwa miguu, natembea kama mtu aliyeacha sufuria motoni. Saa sita na nusu mchana nilikuwa mlangoni.

Mtoto alikuwa ndiyo kwanza anaamka. Alikuwa anaanza kile kilio cha njaa, kinachoanza kwa kukohoa. Shemeji alimchukua begani na kunionyesha meza kwa fahari.

"Umenikuta nikitaka kumlisha. Ona, shemeji. Kila siku mnajisumbua. Chemsha, pima, poza, mtoto analia nusu saa. Mimi nimewarahisishia."

Mezani palikuwa na thamosi yake ya safarini. Ni ya chuma, kubwa, imebonyea ubavuni tangu siku ilipoanguka njiani. Ametembea nayo miaka. Karibu nayo ilikuwa ile yangu ya bluu, uzi mwekundu shingoni, kifuniko wazi, tupu.

"Asubuhi saa moja nilimchanganyia chupa yake," akasema, "akanywa akalala. Nikaona, kwa nini nirudie kazi? Nikachanganya ya kutwa nzima, nikapoza hadi ikawa vile anavyopenda, nikaiweka humu. Iko vuguvugu mpaka saa hizi. Unamimina tu, kama chai."

Alianza kumimina. Maziwa yakashuka chupani taratibu, meupe, hayana tatizo lolote kwa macho.

Nilijua. Nataka hili liwe wazi, kwa sababu baadaye dada alisema labda sikuwa na uhakika. Nilikuwa na uhakika. Nilimsikia nesi ndani ya kichwa changu, maziwa vuguvugu yakikaa. Kutoka saa moja hadi saa sita na nusu. Nilijua ni mara ngapi zaidi ya muda aliotupa.

Na nilisimama pale mikono mfukoni. Nusu yake ilikuwa aibu yangu ya siku zote, maneno yakigoma kutoka. Lakini nusu nyingine haikuwa aibu. Nusu nyingine ilisema, mwache. Mwache akosee kosa kubwa, si la soksi. Dada aone. Tuone nani atacheka.

Akakaa kitini, akamlaza mtoto mkononi, akampa chupa. Mtoto alishika kwa pupa. Alimeza mara moja. Mara ya pili. Nikaona koo lake dogo likipanda na kushuka. Mara ya tatu.

Nikaruka. Sijui neno lingine. Nilimnyang'anya chupa mdomoni mtoto mwenye njaa, chuchu ikatoka na mlio, na maziwa yakamwagika shingoni mwake. Mtoto alinikodolea macho kwa mshangao. Kisha akapiga yowe ambalo majirani walilisikia.

Na dada ndiye huyo, amefungua mlango.

Alichokiona ni hiki. Mume wake ameketi na mtoto anayelia, na mimi nimesimama juu yao, nimeinua chupa juu kama mtu anayemnyima mbwa mfupa.

"Unafanya nini?"

"Hayo maziwa..." nikasema.

"Umemnyang'anya mtoto chupa?"

"Hayo maziwa si mazuri."

"Nani amesema? Si mazuri kwa sababu hukuyachanganya wewe?" Alikuwa ameuweka mkoba chini na anakuja. "Nimechoka na huu wivu wako. Nimechoka! Mtoto ana njaa, mpe baba yake hiyo chupa."

"Yamekaa," nikasema. Nilitaka kusema mengine lakini yalikuja yote pamoja yakakwama.

Shemeji hakukasirika, na hilo lilinikera zaidi. Alifungua kifuniko cha thamosi, akanusa, akamsogezea dada naye anuse. "Nusa. Iko sawa kabisa. Haijachacha." Akanyoosha mkono. "Lete chupa, shemeji. Usimtese mtoto."

Walikuwa wawili, wana haki, na mtoto analia. Mimi nilikuwa mke mwenza. Kila nilichonong'ona jikoni kwa siku kumi kilikuwa kimenimalizia imani yao, na sasa niliihitaji. Nikaificha chupa nyuma ya mgongo. Nilikuwa tayari kuivunja sakafuni kama ingebidi. Lakini nilijua ningeivunja, wangechukua chupa ya akiba na kumimina tena.

Macho yangu yakaangukia ile thamosi ya chuma. Na swali likatoka, zima, bila kugugumia.

"Shemeji, ukiwa safarini, humo unaweka chai gani?"

"Chai gani?" Hakuelewa. "Ya rangi."

"Si ya maziwa?"

"Hapana, ya rangi. Maziwa nanunua njiani."

"Kwa nini huweki ya maziwa?"

"Aa, ya maziwa haifiki. Ukitoka nayo Mombasa, ukifika Voi imechacha. Kila dereva anajua hilo. Hasa ukiifunga ikiwa imepoa..."

Akaacha hapo.

"Na haianzi kuchacha pale Voi," nikasema.

"Hapana," akasema pole pole. Alikuwa anaitazama thamosi kana kwamba ni abiria aliyempa lifti bila kumjua. "Voi ndipo unasikia ladha. Kuharibika kunaanza pale pale ulipofunga kifuniko."

Dada alitutazama mmoja baada ya mwingine. "Ina maana gani?"

"Ina maana," shemeji akasema, "haya hayafai. Mchukue mtoto." Akamkabidhi dada mtoto, akabeba thamosi hadi jikoni, akaimwaga yote karoni. Ilichukua muda, ilikuwa bado karibu kujaa. Kisha akarudi akanyoosha mkono mara ya pili, na safari hii nikampa chupa. Akaimwaga nayo.

"Amekunywa kiasi gani?" dada akauliza. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Mara tatu," nikasema. "Amemeza mara tatu."

Thamosi ya bluu ilikuwa tupu, kwa hiyo ilibidi kuchemsha maji upya. Yale maji yalichelewa kuliko maji yote niliyowahi kuchemsha. Dada alimtembeza mtoto huku na huku akimwimbia, na mtoto hakutaka wimbo. Mimi niliosha mikono nikaanza kutayarisha chupa. Shemeji alisimama nyuma yangu kwenye lile jiko dogo.

"Nifundishe," akasema.

Nilitamani kukataa. Nilikuwa nimeshinda, na nilitaka ushindi wangu ubaki wangu. Kama angejua vile ninavyojua mimi, ningebaki na nini? Injini ingepona, sawa, angeondoka, lakini angekuwa anajua.

"Osha mikono," nikasema. "Kwa sabuni. Mpaka hapa."

Akaosha. Nikamfanya arudie, kwa sababu ya dizeli kwenye kucha, na alirudia. Nikamwonyesha mstari kwenye chupa. Alijaza kijiko kikawa mlima, nikampa kisu akasawazisha. "Mlima unamfunga choo na kumchosha figo," nikasema, "na upungufu unamwacha na njaa." Nilimweleza kwa nini maji yawe ya moto, kwamba moto ni wa kuua kilichomo kwenye unga. Alisema, "Ahaa." Nilimweleza kwamba ukitaka kuweka kitu kwenye thamosi, weka maji ya moto matupu, usiweke maziwa. "Kama chai ya rangi," akasema, na nikasema ndiyo. Tukasimamisha chupa kwenye karai. Aliweka tone kwenye kiganja. Kiganja chake ni cha usukani, kigumu kuliko changu. Nikamgeuza mkono na kumgusa pale pa mishipa.

"Hapa."

Alimlisha yeye. Mtoto alinyonya akikodolea macho uso wa baba yake, machozi bado yako kwenye kope. Alipofika nusu, akaanza kusinzia. Shemeji alinitazama kama anayeuliza afanye nini.

Nikainua mabega. Hilo la unyayo sikumfundisha.

Jioni ile na kesho yake yote hatukuwa na mazungumzo mengine. Tulikuwa tunaangalia nepi. Kila ilipofunguliwa tulikuwa watatu juu yake kama watu wanaosoma gazeti moja. Kama angeharisha au angetapika, tungempeleka kliniki mara moja, tulikubaliana hivyo. Hakuharisha. Joto halikupanda. Jumapili jioni alicheka, nami sikujali alimchekea nani. Kujali kulinirudia kesho yake.

Jumatatu, dada akiwa kazini, shemeji alikuja akaketi karibu nami kwenye ngazi ya mlango. Nilikuwa nakunja nguo za mtoto nilizoanua.

"Ulikuwa umesimama pale," akasema. "Nikimimina. Mbona hukusema?"

Nilikunja kile kijisoksi nilichokuwa nacho, nikakikunjua, nikakikunja tena. Ningeweza kusema nilikuwa na aibu. Angeamini, kila mtu anajua nina aibu.

"Nilitaka ukosee," nikasema.

Nilidhani ataniambia nifungashe. Akatoa simu mfukoni na kunionyesha ile picha.

"Hii naangalia kila siku. Dada yako alinitumia nikiwa mpakani, Malaba, siku ya tatu kwenye foleni. Wewe uko katikati ya picha, na mtoto anakuangalia wewe, hivi." Akafungua macho makubwa kama mtoto anavyofanya. "Nikakukata. Nilikaa pale kwenye kiti cha lori na kukukata pole pole. Lakini hiki kidole kikanishinda. Nikikitoa, chupa nayo inatoka."

Aliniomba nusu ya nguo, tukaendelea kukunja.

Vipuri vilifika. Aliondoka asubuhi moja na thamosi yake ya chuma imejaa chai ya rangi. Nilifikiri nitafurahi. Siku ya kwanza mtoto aligeuza kichwa kila mlango ulipolia, na hakuwa akinitafuta mimi, mimi nilikuwa nimempakata. Nilichanganya chupa ya mchana kama zamani, nikaketi naye pale pa zamani, na simu ikaita.

"Umeosha mikono?" Nyuma ya sauti yake injini ilikuwa inanguruma.

"Nimeosha."

"Kwa sabuni?"

"Shemeji, mimi ndiye niliyekufundisha."

"Najua, najua. Sikia. Akilala katikati, mkune unyayo. Wa kushoto. Wa kulia hata ukune vipi, hasikii. Nilitaka kukuambia nikasahau."

Akakata simu, labda kwa sababu ya barabara. Nilikaa nayo mkononi. Hilo sikumwonyesha. Alilipata mwenyewe, kwa wiki mbili, wakati mimi lilinichukua miezi. Nilihisi ule moto kifuani, ule ule wa siku ya kicheko, haujapungua hata kidogo.

Kisha nikamtazama mtoto aliyekuwa akingojea, na nikakumbuka kwamba mikono nilikuwa nimeipitisha kwenye maji tu. Nilikuwa na haraka. Nikamlaza kwenye mkeka, nikarudi karoni kutafuta sabuni.